Kamera Niliyoiziba kwa Tepu Nyeusi

Nyie vijana wa picha hapa Katesh mmenisumbua miezi mitatu sasa. "Mama Zuhura, andika. Mama Zuhura, usituache hivi hivi." Haya, nimekaa naandika, na mkisema ni ndefu, mtajijua wenyewe. Daktari wa macho aliniambia jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia linajiandaa, basi nikafunga studio mwezi ule ule kabla sijaanza kuwakata watu vichwa. Wapo wapiga picha wenye macho mawili mazima wanaowakata maharusi vichwa kila Jumamosi. Siwataji, wanajijua.

Sitaandika nilipata shilingi ngapi wala nani alinisifia wapi. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika ile kamera yangu ya kwanza ya dijitali, kwa sababu nimesikia mnaisimulia vibaya sokoni. Mnasema niliiziba tepu kwa sababu ya ushamba. Niliiziba kwa sababu nilifundishwa vizuri.

Nilianza kwa Mzee Athumani nikiwa msichana niliyeshindwa duka. Baba yangu, mtu wa Kondoa aliyekuja Katesh na mzigo wa khanga akaoa kwa Wairaqw, alinipa duka niliangalie, na ndani ya wiki tatu nikawa nimegombana na wateja wote wa maana. Akanivusha barabara, akanikabidhi kwa Mzee Athumani mpiga picha, akasema, "Huyu hana mdomo mzuri. Kwako watu wanakaa kimya, labda mtaelewana." Mzee Athumani aliniangalia juu mpaka chini, akanipa chanuo.

Kazi yangu ya kwanza, basi, ilikuwa kuchana watu nywele. Ya pili ilikuwa koti. Studio ilikuwa na koti moja la kijivu, tai moja ya mpira na kitambaa cha buluu ukutani. Mwanamume akija kupiga pasipoti saizi, nilimvika koti, nikalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo kama ni mwembamba, nikaliacha limepasuka nyuma kama ni mnene. Mkifungua makabati ya zamani ya ofisi yoyote hapa, mtakuta wanaume wa Hanang wote wamevaa koti moja. Kuna mgeni aliyehamia kikazi aliwahi kuniuliza kama ile ilikuwa sare ya wilaya.

Mzee Athumani alikuwa mkali katika mambo mawili. La kwanza, mtu mmoja mbofyo mmoja. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na anayefumba macho amefumba, shauri yake. La pili lilikuwa mwanga. "Zuhura," alikuwa akisema, "mwanga unaingia mbele tu, tena kwa ruhusa yako. Ukiingia kwa nyuma, umeua watu thelathini na sita." Siku moja nilifungua mgongo wa kamera mchana kweupe nikidhani filamu imeisha. Ndani mlikuwa na harusi ya Dongobesh na darasa zima la saba. Mzee Athumani hakupiga kelele. Alikaa siku nne bila kunisemesha, na siku ya tano akaniambia, "Wasalimie uliowaua." Tangu hapo nilikuwa naogopa mwanga kuliko nyoka.

Filamu ikijaa tuliitia kwenye bahasha, tukampa kondakta wa basi la asubuhi, ikaenda Arusha kusafishwa. Picha zilirudi baada ya wiki mbili kama kondakta ni mwaminifu. Tuliishi hivyo miaka mingi. Mzee akazeeka, nikawa mimi ndiye napiga na yeye ndiye anakaa kwenye kiti karibu na mlango akinisahihisha. Halafu mwaka mmoja bahasha ikarudi na filamu yangu ndani, haijaguswa, na kikaratasi: filamu hatusafishi tena, nunua dijitali.

Nikapanda basi mwenyewe. Duka nililoingia Arusha lilikuwa na muuzaji kijana mwenye tabasamu la kudumu. Nikamwambia nataka kamera ya kazi lakini ya mtu anayeanza. Akaniletea nyeusi, nzito kiasi, yenye lenzi fupi ya kuvuta kidogo, akasema hii ndiyo wanaanzia wote.

"Filamu inaingilia wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna filamu, mama. Kuna kadi." Akafungua kimlango pembeni, akatoa kitu kidogo kama ukucha wa dole gumba.

"Inabeba picha ngapi?"

"Maelfu."

"Kijana, nimekuja kununua, usinitanie. Katesh nzima haina nyuso elfu."

Akacheka, akabofya mara tano hewani bila kumlenga mtu, taa ikawaka, na mimi roho ikaniuma nikiona picha tano zinapotea bure. Alivyobofya, kadi ilikuwa bado mkononi mwake. Hilo niliona, na sikulitilia maanani. Ningelitilia, kisa hiki kisingekuwepo. Kumbe kamera za dukani huwa wanaziwekea zibofye hata bila kadi, wateja wasikie mlio, na yangu hakuna aliyeibadilisha.

Nilipofika Katesh, Mzee Athumani aliichukua akaigeuza geuza kwa vidole, maana macho yake yalishachoka. Mbele akaridhika. Alipofika nyuma akasimama.

"Hiki nini?"

"Kioo, Mzee."

"Kioo cha nini nyuma ya kamera?" Akakigonga kwa kucha. "Dirisha! Jamani, wameweka dirisha zima! Zuhura, wamekuuzia mbovu."

Nami nilipoona, damu ikanisisimka. Kioo kikubwa kama kiberiti mara mbili, pale pale mgongoni, mahali pa watu thelathini na sita. Muuzaji alikuwa amenieleza kitu kuhusu kile kioo, nakumbuka, lakini nilikuwa nahesabu mabasi. Basi tukatuma mtu kwa fundi umeme akaleta tepu nyeusi, tukaziba. Tabaka la kwanza Mzee akasema halitoshi. La pili akasema afadhali. La tatu akasema sasa hata jua la Basotu haliingii. Kulenga nilikuwa nalenga kwa kile kitundu cha juu kama siku zote, kwa hiyo sikupungukiwa kitu. Ndivyo nilivyoanza dijitali.

Kitabu cha maelezo kilikuwa na lugha kumi na moja na Kiswahili hakikuwemo. Nikabaki na lile gurudumu la juu lenye vipicha: kichwa cha mwanamke, mlima, ua, mtu anakimbia, mtu na nyota. Sikuhitaji kitabu. Kichwa cha mwanamke ni cha wanawake. Mlima ni wa watu wa Endasak na vijiji vyote vya mlimani. Ua ni la maharusi. Anayekimbia nikampa mfugaji yeyote aliyetoka bondeni, maana wale wanatembea kuliko sote. Mtu na nyota nikaona ni sisi Waislamu wa pale Katesh, nikafurahi kwamba wametukumbuka. Mteja akiingia namsalimia, namuuliza kwao wapi, nageuza gurudumu. Picha za Waislamu wenzangu zilitoka zina vivuli viwili viwili, nikawaambia wametikisika wenyewe. Watu wa mlimani walitoka na giza kwa sababu kwenye mlima taa ilikuwa haiwaki. Nikawaambia ni mawingu ya kwao.

Ile lenzi fupi nayo ilikuwa na mambo yake. Nilizoea kumsogelea mteja, na nikimsogelea pua inakuja mbele, masikio yanakimbia nyuma. Mzee mmoja wa Endagikot alirudisha picha akasema huyo aliyemo ni shemeji yake. Nyie mnaoanza, rudini hatua tatu, halafu vuteni lenzi. Hilo nimewapa bure.

Na nilihesabu. Nilikuwa na vikombe viwili mezani, kimoja kina maharage thelathini na sita. Kila mbofyo, harage moja linahama. Kikombe kikiisha, natoa kadi, naitia kwenye bahasha, nampa kondakta, Arusha wanasafisha. Yule bwana wa kusafisha picha hakuniambia kitu hata siku moja. Alisafisha thelathini na sita zake, akarudisha kadi na picha, na sasa namwelewa: mteja wa namna yangu hapatikani kila siku. Kadi ikiwa safarini, studio inafungwa siku tatu. Watu wa Katesh walizoea. "Kamera imepumzika," walikuwa wakisema.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mnada, na siku ya mnada ndiyo mavuno yetu, kwa sababu mtu akinunua mnyama anataka apigwe naye picha kabla furaha haijapoa. Bahasha ilirudi kutoka Arusha asubuhi ile mimi nikiwa nanunua betri. Mzee Athumani akaipokea. Nikamkuta kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Kadi imekuja?"

"Imekuja. Nimeshaiweka kwenye kamera."

Nikabeba kamera, vikombe na maharage, nikaenda mnadani. Kwenye kile kitundu cha kulengea kulikuwa na herufi inawaka na kuzimika. Nikadhani ni betri mpya inajitambulisha.

Karibu na jioni akanijia Bura, mkulima wa Endasak, mtu wa mlimani, mpole, mwenye maneno machache. Alikuwa amenunua maksai mwekundu, mrefu wa nundu, wa kumfunga pamoja na yule aliyekuwa naye nyumbani. Alishampa jina palepale: Trekta. Alikuwa na mdogo wake, Safari, mtu wa miwani ya jua na maneno mengi, aliyemzunguka yule ng'ombe kama yeye ndiye aliyemzaa. Nikageuza gurudumu kwenye mlima. Walibishana kidogo nani akae wapi, nikawapanga, nikabofya mara moja. Harage likahama.

Msinicheke sasa. Jioni nilipofungua kile kimlango nitoe kadi, hapakuwa na kadi.

"Mzee, umesema umeweka."

"Nimeweka."

"Kwenye kamera ipi?"

Akanyoosha kidole kwenye rafu. Kwenye kamera yake ya filamu. Nikaifungua mgongo, nikaikuta kadi imelala vizuri mahali pa filamu, ameitandikia na karatasi isichubuke. Miaka arobaini ya mkono uliozoea. Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa, kwa sababu mkono ule ndio ulionifundisha. Mzee alipoelewa alichofanya alivua kofia akaishika magotini. "Nimeua wangapi?" akauliza. Nikamwambia kumi na wawili tu. Walikuwa thelathini na sita.

Karibu wote niliwaita nikawapiga upya bila malipo, nikasingizia Arusha. Bura alikaa mbali. Alikuja baada ya wiki mbili, kwa miguu, akaniamkia vizuri, akauliza picha. Nikamwambia, "Arusha wamechelewesha, baba. Wiki ijayo." Ningeweza kumwambia ukweli pale pale, nimpige hata peke yake. Niliona aibu, na aibu yangu nikaiita Arusha. Akaja tena, nikamwambia wiki ijayo tena, nikijiambia nitapanda pikipiki niende mwenyewe Endasak nimfuate na ng'ombe wake. Sikwenda. Mara ya tatu hakuja. Nikasikia kwamba aliugua tumbo siku tano, akafariki.

Mjane wake, Paskalina, aliingia studio miezi kadhaa baadaye, mvua zikikaribia. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mwanamke mfupi, vumbi la njia nzima miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Pasipoti?"

"Hapana, mama. Nimefuata picha ya Bura wangu na maksai."

Nilikaa chini. Yeye akabaki amesimama, akanieleza. Safari alikuwa amekuja kumchukua Trekta. Anasema ng'ombe ni wake, alimweka tu kwa kaka yake alimie. Na nyie mnajua kwetu: mtu anamweka mnyama wake kwa ndugu au rafiki miaka hata kumi, hakuna karatasi, ni midomo tu na kuaminiana. Kwa hiyo wazee wa ukoo hawakuweza kumfukuza Safari hivi hivi. Karatasi ya mnada yenye jina la Bura ilikuwepo. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na Bura alizikwa na koti.

"Nani atafukua?" akasema Paskalina. "Nimebaki na picha yako. Bura aliniambia wapo wote watatu ndani, na Safari yumo. Maksai mmoja halimi, mama. Akienda Trekta, mwaka huu nyumbani hakuna mahindi wala maharage, na watoto wanne." Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Na Bura hakuwahi kupiga picha nyingine. Ndiyo hiyo hiyo."

Nimegombana na watu maisha yangu yote na sijawahi kukosa neno. Siku ile nilishindwa kumwambia haipo. Nikamuuliza kikao cha wazee ni lini, akasema Alhamisi, nikamwambia nitakuja mwenyewe. Aliondoka anashukuru. Alishukuru mpaka mlangoni, na kila shukrani ilinichoma.

Nilimwambia Mzee Athumani nitasema ukweli mbele ya watu. Akaniuliza kama nitamtaja. Nikamwambia hapana, kadi ni yangu. Alhamisi nikafunga kamera kwenye khanga ili nikawaonyeshe kile kimlango, kadi nikaitia kwenye bahasha ya Arusha, nikapanda pikipiki mpaka Endasak, mvua ya kwanza imeshanyesha, matope mpaka magotini.

Kikao kilikuwa uani kwa Paskalina, juu ya mabenchi yaliyoazimwa kigangoni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Amnaay, mkubwa wa ukoo, mtu aliyekuwa akifumba macho anaposikiliza mpaka unadhani amelala. Mwandishi alikuwa Mwalimu Leonia wa shule ya msingi. Safari alikaa mbele na miwani yake. Trekta mwenyewe alifungwa karibu na zizi, anatafuna, habari hana.

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Kabla hamjaanza, mimi nina neno kuhusu hiyo picha..."

"Mama, subiri zamu yako," akasema Mzee Amnaay.

"Zamu yangu ndiyo hii, maana hiyo picha..."

"Mama wa Katesh, kwetu mgeni hasemi kwanza. Kaa."

Nikakaa, bahasha mapajani. Watu wote waliitazama ile bahasha. Mzee Amnaay akafumba macho.

"Picha imekuja," akasema. "Vizuri. Kabla haijafunguliwa, nataka kila mmoja aseme kuna nini ndani. Halafu tutaangalia nani anaijua na nani anaisikia. Paskalina."

"Mimi sikuwepo, baba. Bura aliniambia yumo yeye, ng'ombe na shemeji. Basi."

"Safari."

Safari alivua miwani. Nilimwona anaiangalia bahasha, anapiga hesabu kichwani: akidanganya, picha itamuumbua mbele ya ukoo. Jasho lilimtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Nipo kulia," akasema polepole. "Nimevaa miwani."

"Umeshika nini?"

"Kamba... hapana. Kamba kashika kaka. Mimi nimeshika karatasi. Nimeiinua juu, hivi."

"Karatasi gani?"

"Ya mnada."

"Ina jina la nani?"

Akaitazama bahasha tena. Ninaapa, kama ningekohoa tu yangebadilika yote. Sikukohoa.

"La Bura."

Uani kote watu walivuta pumzi. Mzee Amnaay akafumbua jicho moja. "Ng'ombe wako, na karatasi ina jina la Bura?"

"Kaka ndiye alitoa hela!" Safari akaruka juu. "Lakini mimi ndiye nilimchagua! Kaka alikuwa anataka yule mweusi, mwenye kwato mbovu! Bila mimi angenunua yule mweusi! Hilo hamlioni?"

Kuna wazee walioinamisha vichwa ili wasicheke. Mzee Amnaay akafumbua na jicho la pili. "Mama wa Katesh. Sasa ni zamu yako. Tuone."

Nikasimama. "Haipo," nikasema. "Haijawahi kuwepo. Siku ile kamera ilikuwa tupu, kadi nilikuwa nimeiacha studio. Nilimdanganya marehemu mara mbili kwamba iko Arusha. Nilikuja kusema hilo, mkanikalisha."

Kelele zilizotoka! Safari alinyoosha kidole mpaka puani kwangu. "Anaificha! Iko humo! Mimi nilimwona akibofya!" Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiitaka picha kuliko wote. "Nilisimama vizuri! Nilivaa shati jipya!"

Mwalimu Leonia akasema, "Mama, hebu niazime hiyo kamera na kadi." Akaitia kadi mahali pake, akaigeuza, akaona tepu. "Mbona umeziba hapa?" Na kabla sijajibu akashika ncha kwa kucha akaanza kubandua.

"Mwanga!" nikapiga yowe. "Mwalimu, mwanga! Utawaua wote!"

Sijui niliitoa wapi sauti ile. Wazee walifunika macho. Mzee Amnaay alishusha kofia mpaka kidevuni. Mama mmoja alijitupa juu ya mtoto wake. Trekta peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna. Mwalimu Leonia akamaliza tabaka la kwanza, la pili, la tatu, akabonyeza kitufe chenye pembetatu, na kile kioo kikawaka, na ndani yake akasimama mtoto wa kipaimara wa juzi, mshumaa mkononi, ananitazama.

"Mama," akasema taratibu, kama anavyosema na darasa la kwanza, "picha unaziona hapa hapa. Muda ule ule."

Mwaka mmoja na nusu. Bahasha, kondakta, siku tatu za kupumzika, maharage. Ningekuwa nimeona siku ile ile mnadani kwamba hakuna kitu, Bura akiwa bado amesimama mbele yangu na kamba mkononi. Ningesema, "Baba, subiri kidogo, tunarudia." Nililia palepale, tena kwa sauti, na siwafichi.

Wakaipitia kadi yote, ukoo mzima umezunguka kile kioo, mmoja mmoja. Waliona Waislamu wenye vivuli viwili, waliona pua za Endagikot, waliona nusu ya wilaya. Bura hakuwemo. Safari akataka maneno yake yarudishwe, eti ametegwa. Mzee Amnaay akamwambia, "Amekutega nani? Huyu mama alijaribu mara mbili kusema haipo. Picha umetuonyesha wewe." Maksai akabaki kwa Paskalina. Mwalimu Leonia akaandika, wazee wakatia dole gumba, ikawa imeisha.

Nilikuwa nafunga kamera kwenye khanga, nikitafuta njia ya kuondoka bila kuagana na mtu, Paskalina aliponijia.

"Maksai amebaki, mama," akasema. "Na Bura?"

Nikainamia khanga, nikakaza fundo lililokwisha kukazwa. Akageuka. Safari alikuwa amefika njiani, amenuna, miwani usoni.

"Shemeji!" Paskalina akamwita. "Hebu rudi. Iseme tena."

"Niseme nini tena? Si mmeshanichukulia ng'ombe?"

"Picha. Alikuwa amesimamaje?"

Safari alichezea mawe kwa kiatu. Halafu akarudi, akavua miwani. "Mkono huu umeshika kamba," akasema. "Huu uko juu ya nundu. Mguu mmoja mbele kidogo."

"Anacheka?"

"Hacheki. Anajikaza asicheke. Unamjua alivyokuwa akibana midomo."

"Namjua. Na kofia kavaa?"

"Hana kofia."

"Bura havui kofia, shemeji. Hata kanisani mpaka asukumwe."

"Alivua. Mama wa picha alimwambia avue, kivuli kilikuwa kinaziba macho."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Paskalina akanigeukia.

"Yakaonekana?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Yalionekana."